Upande wa Mama

Juzi umeme ulikatika hapa Ilomba wakati mjukuu wangu ana sare ya shule haijapigwa pasi. Nikavuta uvunguni ile pasi yangu ya mkaa, nikaipepea mpaka ikashika moto, nikaanza na kola, ambayo huwa naitia wanga mimi mwenyewe kwa sababu siamini kola inayolegea. Pasi ilipogusa kile kitambaa ukapanda mvuke wenye harufu ya uji unaoanza kushika sufuria. Nikajikuta nimesimama pale nacheka peke yangu. Mjukuu akauliza nacheka nini, nikamjibu nacheka msalaba. Aliniangalia vile watoto wa siku hizi wanavyotuangalia wazee, kisha akaenda kwa jirani kuulizia kama nako umeme umekatika. Nyinyi naona mna muda kuliko yeye. Basi kaeni niwaambie.

Kwetu ni upande wa Igowole, Mufindi, kule ukungu unakoingia ndani bila kupiga hodi na kukaa mpaka saa nne. Baba yangu alikuwa seremala. Mama alikuwa mkulima kama wanawake wote, lakini alikuwa na mkono wa kudarizi uliojulikana mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto. Kitabu nyumbani kilikuwa kimoja tu, Biblia, na jioni baada ya ugali baba alikuwa akiiweka juu ya meza aliyoichonga mwenyewe. Yeye alikaa upande wa mlango, mama upande wa jiko, wakatazamana, kitabu kikawa katikati. Kitabu kilimwelekea baba. Mama alikisoma hivyohivyo kilivyolala, kichwa chini miguu juu, akianza na mstari uliokuwa karibu na kifua chake na kwenda nao kutoka kulia kuelekea kushoto.

Tena alisoma upesi kuliko baba. Baba alisoma silabi baada ya silabi, kama mtu anayepima mbao mara mbili kabla ya kuikata. Wenyewe husema mwenda pole hajikwai, na kweli baba hakujikwaa hata siku moja, ila na kufika alikuwa hafiki. Mama alimngoja mwisho wa mstari huku akimenya viazi. Mimi nilikaa ubavuni mwa meza kati yao, kwa hiyo herufi nilizozifahamu kwanza zilikuwa zimelala ubavu. Nilipoanza shule ya Jumapili nilikilaza kibao changu ubavu ndipo nikaanza kuandika, na mwalimu akanichapa viboko vya miguu mpaka nikajifunza kukigeuza anavyotaka yeye.

Msinicheke. Sikuona ajabu yoyote katika jambo lile. Kanisani wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, njiani wanaume walitangulia na wanawake wakafuata, na nilidhani kusoma nako ni vivyo hivyo, wanaume wana upande wao na wanawake wana wao. Mama hakuwa peke yake. Shangazi Neema alisoma vile, mama yake rafiki yangu Tulia alisoma vile, na wanawake wote wa rika la mama pale kijijini waliojua kusoma walisoma vile.

Chanzo chake nilikuja kukielewa baadaye. Walipokuwa wasichana, shule yao ilikuwa kibanda cha miti na udongo chenye mwalimu mmoja na kitabu kimoja cha kwanza. Kitabu kiliwekwa juu ya kigoda katikati. Mwalimu na wavulana walikaa upande mmoja. Na wasichana je? Haikuwezekana wabanane bega kwa bega na wavulana, hilo lingekuwa neno kubwa. Wakawekwa upande wa pili wa kigoda, wakafundishwa "hii ni a, hii ni ma", nao wakazishika kama walivyoziona. Mwalimu alipohamishwa na kile kibanda kuanguka, wavulana walikuwa wamejifunza kusoma na wasichana walikuwa wamejifunza kusoma, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Sasa, katika miaka ile ya hamsini, kanisa jipya la matofali lilikuwa linamalizika, na nyuma yake kikajengwa chumba cha darasa. Habari zikaja kwamba misheni ya Iringa ingeruhusu darasa la wasichana, kama tu kijiji kingekuwa na mwanamke wa kuwafundisha. Mama alilitaka darasa lile. Sijamwona mtu akitaka kitu vile. Alikuwa akipalilia mahindi anasimama ghafla, anaandika herufi hewani kwa kidole, kisha anaendelea kupalilia. Jioni alimwambia baba kwamba akilikosa atavumilia, halafu akaoshea maji ya moto kikombe ambacho alikwisha kukiosha.

Aliyesimama njiani alikuwa Mzee Elia, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti lililokuwa la askari fulani zamani. Mzee Elia alikuwa akisema waziwazi kwamba wanawake wa pale hawasomi, wamekariri. Alidai amewachungulia wakati wa nyimbo, na vitabu vyao vimepinduka, maana yake ni maigizo tu. Mkaguzi kutoka Iringa angekuja siku ya kulifungua kanisa, na yeye ndiye angeamua. Mama akawakusanya wenzake, wakakubaliana kwamba maneno hayatasaidia. Wangedarizi kitambaa cha kuning'inia mbele ya meza ya kanisa, chenye msalaba katikati na maandishi chini yake, yasomeke mpaka mlangoni. Mtu aliyekariri hawezi kudarizi herufi asizozijua.

Walifanyia kazi uani kwetu, kwenye kitambaa cheupe cha marekani kilichotiwa wanga na kupigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe. Harufu ya pasi ile ndiyo niliyowaambia. Walichagua kuandika AMANI IWE HUMU, na mama akazichora herufi kwa mkaa kabla ya kutoboa sindano. Alizipima unene kwa kidole gumba, zote unene mmoja, na kati ya herufi na herufi akaacha nafasi ya kupumua. Shangazi Neema, ambaye hakuweza kuona ncha ya kitu bila kuitilia jani, alianza kuzipamba miguu kwa maua. Mama akamfumulia.

"Wifi, herufi si bustani," alimwambia. "Mtu asome kwanza. Uzuri atauona akishasoma."

Shangazi alinuna siku nzima, lakini kesho yake akarudi, maana kununa nyumbani peke yake hakukumfaa kitu. Kitambaa kilipoiva wanawake wawili walikishika karibu na ua, na mama akatembea mpaka mwisho wa shamba la njegere ili akijaribu kwa mbali. Kutoka kule akasoma kwa sauti: Amani iwe humu. Msalaba umesimama wima, maneno yanasomeka vizuri. Wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Baba alipita pale akiwa amebeba mbao begani. Aliangalia kitambaa. Akaweka mbao chini, akainamisha kichwa hivi, akafungua mdomo. Halafu akaufunga, akachukua mbao zake, akaenda. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alidhani ni kitambaa cha upande wa wanawake.

Siku ikafika. Kanisa lilinuka chokaa mbichi, na watu walikuwa wamejaa mpaka nje, maana kulikuwa na habari ya nyama. Mzee Elia ndiye aliyepewa heshima ya kukitundika kitambaa. Akakifungua mbele ya watu wote, akakipachika, akarudi nyuma hatua kidogo akitazame. Nilimwona shingo yake ikienda upande. Akakiondoa, akakigeuza juu chini. Sasa maneno yakawa sawa kwake, lakini msalaba ukawa umesimama kwa kichwa, na bibi mmoja akapiga ukelele wa hofu. Akakirudisha. Msalaba ukawa sawa, maneno yakapinduka. Akakigeuza tena. Upande wa kushoto wanawake wakawa wananong'ona, yule mzee ana nini na kitambaa chetu, mbona anakigeuzageuza kama chapati. Upande wa kulia wanaume wote walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja akaanza kucheka, na kicheko kanisani mnakijua, hakizuiliki.

Mama alikuwa bado haelewi. Aliwatazama wanaume, akakitazama kitambaa, akawatazama tena, na mimi niliyekuwa karibu yake niliona uso wake ukibadilika polepole. Nadhani ndipo alipofahamu, kwa mara ya kwanza, kwamba ule haukuwa upande wa wanawake. Kwa watu wengine wote duniani ulikuwa ni kupinduka tu.

Mzee Elia akamgeukia mgeni. Mkaguzi alikuwa mama wa kizungu, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Mzee akamwambia hao ndio wanaotaka kufundisha, ajionee mwenyewe. Mkaguzi akauliza nani ameandika. Mama akasimama, akajibu tumeandika sisi. Akaulizwa kama anajua kusoma, akasema anajua. Akapewa Biblia ya meza. Akaigeuza kichwa chini, na kanisa zima likaguna. Akasoma, bila kusita, ukurasa mzima.

"Amekariri," alisema Mzee Elia.

Mkaguzi akafikiri, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi aliyopewa na Bwana Mifugo njiani. Hiyo hakuna aliyeweza kuwa ameikariri. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma kwa sauti ileile ya kanisani namna ya kuosha kondoo wenye kupe: dawa ichanganywe na maji, kondoo azamishwe mpaka shingoni, kichwa kizamishwe upesi na kutolewa, mwosha asinywe dawa hiyo. Alipofika mwisho alinyamaza, na waumini wote, kwa mazoea, wakaitikia Amina.

Mkaguzi aliuma midomo asicheke. Akasema huyu mama anasoma, hilo halina ubishi. Wanawake wakaanza vigelegele, lakini akainua mkono. Akataka twende darasani aone mama akiandika ubaoni.

Ubao ulikuwa kazi ya baba. Ulikuwa mweusi, mpya, umeegemezwa ukutani ukingoja kutundikwa. Mama akachukua chaki. Akaandika neno moja kubwa, MAMA. Herufi zilikuwa nzuri kuliko za mwalimu wetu wa Jumapili, nene sawasawa, zina nafasi ya kupumua. Na zote zilikuwa kichwa chini. Wasichana waliokuwa wamejipanga pale, nami nikiwa mmoja wao, tukakunja shingo.

Mkaguzi akasogea karibu na ubao, akalitazama lile neno. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma, kwamba hawezi. Wasichana wakifundishwa hivyo, wakienda shule ya Iringa watarudishwa nyumbani wote. Alisema pole. Mama akarudisha chaki mahali pake, akajifuta vumbi kwenye kanga, akaangalia sakafu. Niliona aibu, nikaona na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, nikaanza kulia.

Hapo baba akapita katikati ya watu. Nimewaambia baba alikuwa mtu wa polepole. Mbele ya watu alikuwa haongei kabisa, hata kwenye kikao cha posa yake mwenyewe alisemewa na mjomba. Akamsalimia mkaguzi, "Kamwene," kwa Kihehe, maana alipoogopa Kiswahili kilimkimbia. Kisha akaushika ubao wake, akauondoa ukutani, akaulaza chini sakafuni. Akatuita sisi wasichana tukae naye upande mmoja. Tukakaa. Akanyoosha mkono akimwonyesha mama upande wa pili wa ubao.

"Mama Neli, kaa kwako," alisema. "Kama nyumbani."

Neli ni mimi. Mama alimtazama baba, akazunguka ubao, akapiga magoti upande wake, akitutazama usoni. Akafuta lile neno, akaandika tena vilevile kama alivyojua, kutoka kulia kwake kwenda kushoto kwake. Na kwetu sisi tuliokaa mbele yake neno likatokea limesimama wima, herufi baada ya herufi, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto mmoja akalisoma kabla mama hajamaliza. Mkaguzi akaja upande wetu, akachuchumaa na gauni lake kati ya watoto, akasoma naye. Akamwomba mama aandike neno jingine, akaandika, na jingine, akaandika. Yule mama wa kizungu alicheka mpaka akatoa leso.

Aliposimama aliuliza swali moja tu. Aliuliza ni nani aliyewakalisha wasichana upande ule wa kigoda, zamani zile. Yule mwalimu alikwisha kufariki, lakini wote tulijua kwamba alikuwa na msaidizi, kijana mrefu aliyepanga watoto mahali pa kukaa. Mzee Elia alikuwa ameinua uso anakagua mabati ya paa, kwa makini sana, kama fundi anayetafuta tundu.

Mama akapewa darasa. Kwa majaribio, walisema, na majaribio yale yaliendelea mpaka alipozeeka. Ubao haukutundikwa kamwe. Alifundisha amepiga magoti juu ya mkeka, ametukabili, na darasa lake lilikuwa tulivu kuliko la wavulana kwa sababu hakuwahi kutugeuzia mgongo hata mara moja. Mwalimu wa wavulana akigeuka kuandika, nyuma yake vita vinaanza. Sisi tungepigana saa ngapi, na mama anatuona hata anapoandika? Na kitambaa kilibaki kanisani kama kilivyodariziwa, kwa amri ya mkaguzi. Wanawake walikisoma wakiwa wamekaa raha mustarehe. Wanaume wakaja mbele ya meza ile, Jumapili kwa Jumapili, wameinamisha vichwa, na Mzee Elia kuliko wote, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Mimi niliishia kuwa fundi wa mabango huku Mbeya. Nimeandika majina ya maduka, mabucha, zahanati, na vijana niliowafundisha kazi niliwapa sheria moja tu, ile ya mama: kabla hujashika brashi, nenda kasimame atakaposimama msomaji. Herufi si ya anayeiandika. Wengi walidhani nimeisoma mahali.

Lakini kuna jambo ambalo sikulielewa mpaka baba alipofariki. Kaburi lake lilisakafiwa kwa simenti, na kazi ya kuandika jina ikawa yangu. Nilimuuliza mama, simenti ikiwa bado mbichi, niyaelekeze wapi maandishi. Akasema niyaelekeze njiani, wageni wasome. Nikaandika herufi nene sawasawa, nikaziachia nafasi ya kupumua. Nilipomaliza mama akachukua kigoda chake, akazunguka mpaka kichwani pa kaburi, akakaa akitazama njia, jina la baba likawa limepinduka mbele yake. Akalisoma taratibu, silabi baada ya silabi, namna ambavyo baba mwenyewe angelisoma.

Siku zote nilikuwa nikidhani kwamba pale mezani baba alimvumilia mama. Ningekuwa mimi, jioni ya kwanza kabisa ya ndoa ningemwambia mwenzangu azungushe kigoda aje upande huu, tusome wote kama watu. Ilikuwa kazi ya kuhamisha kigoda tu, na baba alikuwa fundi wa vigoda. Nikiwa pale kaburini ndipo nilipoelewa kwamba alilifahamu hilo tangu mwanzo. Wangekaa upande mmoja wangekuwa wanaona kitabu. Vile walivyokaa, kila mmoja akiinua macho kutoka kwenye mstari alimwona mwenzake.

Nilimwambia mama kwamba, akitaka, nitaandika jina mara ya pili lielekee kwake, nafasi ipo. Akakataa.

"Acha hivyo," alisema. "Huyu tunasoma naye kitabu kimoja."